AMAZONI YA NINI? SHUKA BWERI UONE MAMBO!

Vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini: kutamani kwa watu. Utamkuta mshikaji hajawahi kuvuka Chalinze, lakini anakutajia Kolombia, Peru na Ekuador kama vile anataja Kinondoni, Magomeni na Manzese. Simu yake imejaa picha za msitu wa Amazoni, kasuku wa rangi saba na vyura wadogo kama ukucha. Muulize Musoma iko wapi, anakukodolea macho. "Si kule kwa akina mura?" Basi, habari imeishia hapo.

Tuelewane mapema, msomaji wangu. Sina ugomvi na Amerika ya Kusini. Kolombia peke yake ina aina zaidi ya 1,900 za ndege, na hakuna nchi duniani iliyoipita. Anayekwenda huko hajakosea, kama mfuko unamruhusu. Ila nauli ya ndege mnaijua, viza mnaijua, na mapene yenyewe mnajua jinsi yanavyokataa kukaa mfukoni. Ninachosema ni kwamba yale mnayoyafuata huko, yaani wanyama wa ajabu, mimea ya ajabu na watu wenye mila zao, yapo pia mahali ambapo nauli yake ni ya basi. Mahali hapo unashuka stendi inayoitwa Bweri.

STENDI YENYEWE

Bweri ni kata ya Manispaa ya Musoma, lakini kwa msafiri Bweri maana yake ni stendi kuu ya mabasi. Uwe unatoka Mwanza, mwendo wa kilomita 220 hivi, au unatoka Dar ukiwa na miguu imevimba kama magimbi, mlango wako wa kuingilia mkoa wa Mara ni hapo.

Mimi nilifika jioni, mgongo ukilalamika. Konda wa basi nililopanda, jina la kampuni nalihifadhi, alikuwa ameniahidi siti ya dirishani, kumbe dirisha lenyewe lilikuwa la kufikirika. Lakini nilipokanyaga chini tu, upepo wa ziwa ukanipiga usoni na hasira zote zikayeyuka.

Bweri haina mapambo. Kuna wapiga debe wanaokuita "bosi" hata kama shati lako limechanika. Kuna akina mama wenye mabeseni ya karanga na samaki wa kukaanga. Kuna bodaboda waliojipanga kama askari wa gwaride. Cha kufurahisha ni lugha. Umbali wa hatua 20 nilisikia Kikurya, Kijita na Kijaluo, na kijana wa bodaboda aliyenibeba akaniambia mama yake ni Mkwaya na baba ni Mzanaki. Mkoa huu una makabila mengi kuliko mikoa mingi ya nchi hii: Wakurya, Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Waikoma, Wasimbiti, Waluo na wengine ambao nikiwataja wote mhariri atanikatia nafasi.

Kutoka Bweri kuna njia tatu. Moja inakwenda mjini na ziwani. Ya pili inakwenda Butiama. Ya tatu inakwenda Bunda, na huko mbele kuna Serengeti. Nilizifuata zote tatu.

FURU NI ZAIDI YA GALAPAGOS

Asubuhi na mapema nilikuwa Mwigobero, sokoni kando ya ziwa. Hapo ndipo dagaa wa Musoma wanapoanzia safari yao ya kwenda kwenye sahani yako. Huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wanatumia taa za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, kwa sababu dagaa hawezi kuidanganyikia taa yako wakati mbingu nzima inang'aa. Kwa hiyo ukiona bei ya dagaa imepanda, usimtukane muuzaji. Angalia mwezi kwanza.

Pembeni ya fungu la dagaa niliona vifungu vidogo vya samaki wafupi, wengine wana wekundu kifuani, wengine samawati, wengine wana milia. Nikamuuliza mama muuzaji.

"Shikamoo mama. Hawa ni samaki gani?"

"Marahaba mwanangu. Hao furu tu."

Furu tu! Msomaji, shika kiti chako. Mwaka 1835 Mwingereza Charles Darwin alifika kwenye visiwa vya Galapagos, ambavyo ni mali ya Ekuador. Ndege wadogo wa huko walisaidia kumpa umaarufu dunia nzima, kwa sababu walitokana na babu mmoja wakagawanyika midomo na tabia kulingana na chakula chao. Watalii wanalipa dola nyingi kwenda kuwaona. Ndege hao hawafiki aina 20.

Sasa sikiliza ya kwetu. Furu wa Ziwa Viktoria walikuwa aina zaidi ya 500. Ziwa lenyewe liliwahi kukauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, maana yake aina nyingi ya hizo zilizaliwa katika muda ambao kwa mambo ya viumbe ni kama jana asubuhi. Kuna furu wanaokula konokono, wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaokula wadudu, na wapo wanaokula watoto wa furu wenzao. Jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaangue. Wanasayansi kutoka pembe zote za dunia wanakuja kumsoma samaki ambaye sisi tunamwita "tu".

Halafu yakamkuta makubwa. Katika miaka ya 1950 na 1960, sangara aliletwa ziwani. Sangara ni jitu. Anaweza kufika urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Ilipofika miaka ya 1980 akashamiri na kuwafagia furu kama mfagio wa chelewa. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Sangara akaleta viwanda, akaleta dola na akawajengea watu nyumba, hilo hatubishi. Lakini bei yake ililipwa na furu.

Kuna jambo jingine ambalo lilinigusa zaidi. Furu jike humchagua mume kwa rangi. Maji yakichafuka, haoni rangi vizuri, anajikuta amechanganya madawa. Aina mbili zinageuka kuwa moja, na hakuna aliyeliwa na mtu. Hivyo kila kiroba cha taka na kila mfereji wa maji machafu unaoishia ziwani unafuta rangi kimyakimya.

Mzee mmoja mvuvi, nywele nyeupe pe, aliyekuwa anashona wavu pembeni, alisikia maswali yangu akacheka. Akaniambia utotoni mwao kila furu alikuwa na jina lake, la kabila lake na la mahali anapopatikana. "Wajukuu zangu wanasema furu. Basi. Samaki amepotea na jina limepotea."

UGALI ULIOTOKA BRAZILI

Mchana nilikaa kwa mama ntilie. Nikaletewa sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, ule unaovutika, unaukata tonge na wenyewe unakataa kuachana na sahani. Nikiwa natafuna nikakumbuka jambo: muhogo wenyewe si mwenyeji wa huku. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta Afrika katika karne ya 16. Leo mwambie Mjita au Mkwaya kwamba muhogo ni chakula cha kigeni uone atakavyokutazama!

Si huo tu. Yale magugu maji yenye maua ya zambarau, yanayoziba mialo na kunasa mitumbwi, nayo ni ya kutoka Amazoni. Yalianza kuonekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yakatawala mpaka meli zikapata taabu kutia nanga. Dawa iliyosaidia ni mbawakavu wadogo wanaotafuna majani hayo, na hao pia asili yao ni hukohuko Amerika ya Kusini. Yaani mgeni alipoleta fujo, ikabidi aitwe ndugu yake aje amtulize.

Na kuna kamongo. Yule samaki mrefu kama nyoka, ambaye baadhi ya watu wa mjini wakimwona wanakimbia. Kamongo ana mapafu. Lazima aje juu kuvuta hewa, na kinamasi kikikauka aina hii ya samaki hujichimbia kwenye matope na kulala kusubiri mvua. Ndugu zake walio hai wako sehemu mbili tu nyingine duniani: Australia na Amazoni. Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa bara moja, zikaachana miaka kama milioni 100 iliyopita, kamongo mmoja akabaki huku na mwingine akaondoka na kule. Kwa hiyo wewe unayetamani Amazoni, jua kwamba Amazoni ilishafika Musoma zamani, na nyingine haikuwahi kuondoka.

BUTIAMA: KIWAVI NA MVUA

Siku ya pili nilirudi na barabara ya Mwanza hadi Makutano, nikaingia barabara ya Butiama. Hapa wengi wanadhani watakuta kaburi la Mwalimu na makumbusho, wapige picha mbili, waondoke. Vipo, na vinastahili heshima. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa hapa tarehe 13 Aprili 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa hapahapa, eneo la Mwitongo, karibu na wazazi wake. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka huohuo wa 1999.

Lakini nenda kama msafiri, si kama mtu wa gwaride. Sikiliza majina. Baba yake Mwalimu alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Mzee huyo alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba. Mtoto naye alizaliwa siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Maana yake, jina tunalolitamka kila siku kwenye uwanja wa ndege, kwenye barabara na kwenye noti, ni taarifa ya hali ya hewa na ya wadudu! Wazee wa Kizanaki waliandika mazingira yao kwenye majina ya watoto.

Mwitongo kumezungukwa na mawe makubwa yaliyopandana kama mizigo kwenye keria. Jirani kuna kipande cha msitu kinachoitwa Muhunda. Kwa Wazanaki huo si msitu wa kuni. Ni makazi ya mzimu wao, na mila inakataza kuukata. Mzee aliyenitembeza, baada ya shikamoo na kuulizana habari za nyumbani kama robo saa hivi, alinionyesha kwa fimbo.

"Pale mtu hachukui hata ufito."

"Akichukua je, mzee?"

"Hajachukua."

Jibu hilo lilinimaliza. Vilima vingapi nchi hii vina kibao cha serikali kinachosema usikate miti, na chini ya kibao kuna tanuri la mkaa? Hapa hakuna kibao, na miti imesimama. Huhitaji kuamini mzimu ili uone kwamba imani hiyo imefanya kazi. Shida ni kwamba mila hailindwi na ukuta. Inalindwa na mtoto anayeambiwa na babu yake. Mtoto huyo siku hizi yuko Dar, anauza vocha, na Kizanaki kinamponyoka taratibu. Akiisahau Muhunda, shoka halitakawia.

Ukirudi Musoma pita Mwisenge. Hapo ndipo Kambarage alipoanza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Shule bado ipo. Kijana wa leo anayelalamika kwamba amechelewa maisha na aende akapumue pale kidogo.

BUNDA NA WANYAMA

Siku ya tatu, Bunda. Mji wa njia panda, wenye vumbi na nyama choma ya uhakika. Kutoka Bunda unaweza kukata kwenda Kisorya ukapanda kivuko kwenda Ukerewe, au unyooke na barabara ya Mwanza mpaka Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Serengeti. Twiga na nyani wakati mwingine utawaona ukiwa bado uko barabarani, bila kulipa hata senti.

Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na sehemu yake kubwa iko mkoani Mara. Lakini muulize mtalii Serengeti iko wapi, atakwambia Arusha. Huko ndiko anakoshukia, anakokodi gari na anakoacha dola. Mara inabaki na wanyama na vumbi la magari. Kwa miaka mingi kumekuwa na mabasi ya abiria ya Musoma hadi Arusha yanayokatiza katikati ya hifadhi. Mama ana kuku kwenye kikapu, nje ya dirisha nyumbu wanakimbia. Kuna sinema gani inayoishinda hiyo?

Nyumbu hao ni zaidi ya milioni moja. Kati ya Mei na Julai wengi wao hupita upande huu wa magharibi na kuvuka mto Grumeti, ambao una mamba wa kutisha. Kisha wanapanda kaskazini mpaka mto Mara, ambako huvuka kati ya Julai na Oktoba. Mtanzania anaingia hifadhini kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni. Tatizo ni gari. Dawa yake ni kuchangishana washikaji sita, mkodi moja kwa siku nzima.

Ila usirudi mjini na picha za simba peke yake. Uliza pia habari za Nyatwali, kata ya Bunda iliyo kando ya Ghuba ya Speke. Miaka ya karibuni serikali iliamua kuitwaa ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani, na wakazi wakawa wanalipwa fidia wahame. Kwa tembo ni habari njema. Kwa mtu aliyezaliwa, aliyelima na kuzika wazazi wake pale, fidia ni fidia, lakini kaburi halibebeki kwenye lori. Mtalii mwenye akili anajua yote mawili.

MTO MMOJA TU

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya badala ya kuendelea kula sato.

Mto Mara unaanzia kwenye misitu ya Mau, Kenya. Unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unapita vijiji vya Tarime, Serengeti, Rorya na Butiama, unajitandaza kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo, unapita chini ya daraja la Kirumi na kumwagika ziwani si mbali na Musoma. Kilomita 395. Wakati wa kiangazi, ndio mto ambao nyumbu wanautegemea wasife kiu. Nyumbu, kamongo, furu, mvuvi na mama ntilie wa Musoma wote wananywea kikombe kimoja.

Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Wananchi wakazuiwa kutumia maji. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo, na mjadala ukafika mpaka bungeni. Mimi si mkemia. Ninachojua ni kwamba misitu ya Mau imekatwa sana, kingo zinalimwa mpaka majini, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki, na ng'ombe hawapungui. Mto ni mmoja, wanaoutumia ni wengi, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Hotuba ni nzuri. Mto unangoja vitendo.

Utauliza, sasa mimi na likizo yangu ya siku nne naingiaje hapo? Unaingia hivi: kitu ambacho watu hawakijui, kikifa hawakililii. Furu 200 walikufa bila matanga kwa sababu walikuwa "furu tu". Ungekuwa unawajua kama unavyowajua kasuku wa Kolombia, ungepiga kelele. Na hela yako ya bodaboda wa Bweri, ya chumba cha Musoma, ya mzee wa kukutembeza Butiama na ya mama mwenye sato inamwambia kijana wa pale kwamba mto ulio hai una faida kuliko mto uliokufa. Hilo halihitaji semina.

MPANGO MZIMA

Kwa anayetaka kwenda kutanua kistaarabu: siku ya kwanza ziwani, siku ya pili Butiama, siku ya tatu Bunda na Serengeti. Ukitaka kuona nyumbu upande huu, lenga Juni. Ukitaka kuona wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao, nenda mwezi ukiwa haupo. Ukibahatika kukuta shughuli ya Kikurya yenye litungu, chombo chao cha nyuzi nane, kaa chini usikilize, acha haraka za mjini. Wakikukaribisha mchuzi wa kichuri, onja kwanza, uliza baadaye. Ni mchungu, na unatoka ndani ya tumbo la mnyama, lakini wenyewe wanakwambia unasafisha tumbo.

Wazee wapewe shikamoo. Picha iombwe kabla ya kupigwa. Chupa ya plastiki uliyokwenda nayo urudi nayo. Na sokoni Mwigobero ukimwona furu, muulize muuzaji jina lake kamili. Kama halijui, mpelekeni swali hilo mzee wa kushona nyavu wakati bado yupo wa kuulizwa.

Haya, likizo ni yako na mfuko ni wako. Tukutane wiki ijayo.